Shahada na Sitaha: Mas'ala ya Baharia Msomi na Uafisa

Fanja haina bahari. Mji huu wa wilaya ya Bidbid umekaa juu ya wadi yake, katika pengo la Sumail lililokuwa tangu zamani njia ya misafara baina ya pwani ya Maskati na Nizwa, na mtu akisimama penye mnara wa kale juu ya kilima chake hatoona ila mitende, majabali na barabara kuu ipandayo kwenda bara. Walakini nyumba za mkoa huu wa Dakhiliya hutoa mabaharia kama zinavyotoa askari wa nchi kavu, na katika masabla, yaani mabaraza, ya huku, ambamo Kiswahili hakijanyamaza kwa koo zilizorejea kutoka Unguja, Pemba na Mombasa, liko swali linaloulizwa mara kwa mara na kujibiwa kwa majibu yanayopigana. Kijana ameandikwa baharia wa kawaida katika Bahariya ya Kisultani ya Oman kwa cheti chake cha sekondari, akatumikia miaka kadha, akajiunga na chuo kikuu, ama kwa kusoma jioni ama kwa ruhusa ya wakubwa wake, akahitimu. Je, sasa amekuwa afisa?

Mmoja hujibu kwamba uafisa ni haki yake, maadamu mwenzake aliyekuja na shahada kama ile kutoka uraiani huvishwa cheo baada ya mafunzo ya miezi michache tu. Wa pili hukata kwamba haiwezekani, kwani aliyepita mlango wa chini ndio huo huo atakaotokea. Wa tatu, ambaye aghalabu ni mtu mzima aliyestaafu na cheo cha wakili, kilicho cha juu miongoni mwa wasio maafisa, huwasikiliza wote wawili kisha akauliza yeye: kwani uafisa ni kusoma? Majibu yote matatu yana sehemu ya haki, na ndiyo maana fitina yake haishi. Ili kuyapima inapasa kwanza kutenganisha mambo ambayo mazungumzo ya kahawani huyafumbata pamoja.

Milango na majina yake

Mwenye kusoma khabari za mahafali ya kijeshi nchini Oman hukuta majina matatu ya maafisa wapya. Yuko afisa mtarajiwa, ambaye Waarabu humwita dhabiti murashah: huyu huchaguliwa akiwa kijana aliyemaliza sekondari, akalelewa katika chuo cha kijeshi tangu mwanzo wa utu uzima wake, na kwa upande wa bahari malezi hayo hufanyika katika Akademia ya Bahari ya Sultan Qaboos, iliyoko kwenye kambi ya Said bin Sultan huko Wudam, pwani ya Batina. Yuko afisa wa jamia, dhabiti jamii, anayeingia na shahada yake mkononi, mathalan ya uhandisi au ya sharia, akapewa mafunzo mafupi zaidi ya uaskari. Na yuko afisa wa utumishi wenye mipaka, aliyepanda kutoka chini, kutoka arifu (koplo) hata rakibu (sajenti) hata wakili, na ambaye jina la daraja yake lenyewe linasema kwamba njia yake haikukusudiwa kufika mbali sana.

Baharia mwenye shahada, ambaye ndiye tunayemzungumzia, amesimama baina ya huyu wa pili na huyu wa tatu. Ana karatasi ya mmoja na mgongo wa mwengine. Hesabu ya nyumbani huona kwamba mwenye sifa mbili anastahili zaidi ya mwenye moja. Hesabu ya jeshi huona kwamba hakuingia kwa mlango wa yeyote kati ya hao wawili.

Kuna jambo jengine ambalo watu hulipita bila ya kulitazama. Shahada hutolewa na walimu, na maana yake ni kushuhudia kwamba mtu ameyajua aliyofunzwa. Kamisheni ya uafisa hutoka kwa mwenye mamlaka ya nchi, na maana yake ni kumuamini mtu kwa roho za watu na mali ya dola. Ya kwanza hutazama nyuma na ya pili hutazama mbele. Kwa hivyo hakuna nchi, kwa nijuavyo mimi, ambayo mwanajeshi hupata kamisheni kwa kuonyesha cheti tu kama anavyopata nyongeza ya mshahara kwa kuonyesha cheti cha ndoa. Shahada yaweza kuwa sharti la kuchaguliwa. Haijapata kuwa badala ya kuchaguliwa.

Nahodha, mualimu na karani

Mgawanyo huu wa elimu ya kitabu na elimu ya sitaha si bidaa iliyoletwa na Wazungu. Katika majahazi ya Sur na ya pwani yote ya Afrika ya Mashariki kila mtu alikuwa na daraja yake: mabaharia wavutao kamba za demani na joshi, msukani ashikaye usukani, serehangi awasimamiaye, karani aandikaye shehena na deni, mualimu ajuaye njia kwa dira na nyota, na nahodha mwenye neno la mwisho. Mualimu ndiye aliyekusanya elimu mbili katika kichwa kimoja. Ahmad bin Majid wa Julfar, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari mwishoni mwa karne ya 15, alikuwa msomi wa falaki na mtunzi wa mashairi, na hapo hapo mwana wa ukoo wa marubani aliyeyajua maji kwa kuyapita. Hakuna aliyemwita msomi aliyejifunza ubaharia, wala baharia aliyejifunza kusoma.

Lakini umoja huo haukudumu kila mahali, na safari mashuhuri kuliko zote za dola ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, inaonyesha ulivyopasuka. Merikebu Sultana ilipotia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, aliyekuwa mkuu wake ni Ahmad bin Naaman Al Kaabi, mtu wa kalamu, wa hesabu na wa adabu za mabaraza, ambaye picha yake iliyochorwa huko imebaki mpaka leo. Njia ya baharini, hata hivyo, ilikuwa mikononi mwa Muingereza wa kuajiriwa, William Sleeman, ambaye sifa aliyoiacha katika khabari za safari hiyo ni ya ulevi. Amri ilikuwa ya mmoja, na maarifa ya kuvuka bahari kuu yalikuwa ya mwengine. Si kwamba Sayyid Said hakulijua pengo hilo, kwani alikuwa na maafisa waliosomeshwa Bara Hindi kama Kapteni Hassan bin Ibrahim, ambaye Wamarekani waliofika Unguja katika miaka ya 1830 walimkuta akizungumza Kiingereza. Lakini watu wa namna hiyo walikuwa wachache, na manowari zilikuwa nyingi kuliko wao.

Waingereza nao waligombana juu ya jambo hili hili zaidi ya karne nzima kabla ya hapo. Manowari zao ziliongozwa na waungwana wasiojua bahari na mabaharia wasiojua adabu za waungwana, na kila kundi likililaumu jengine kwa kila merikebu iliyopotea. Mwaka 1677 Samuel Pepys, katibu wa idara ya manowari, akaweka mtihani wa uluteni: mtahiniwa awe na umri wa miaka 20 kwa uchache, awe ametumikia baharini miaka mitatu, na ajibu maswali ya ubaharia mbele ya wakubwa. Jambo la kutazamwa ni kwamba Pepys hakuondoa uungwana. Alimlazimisha muungwana apite baharini kwanza. Mlango wa chini nao ulibaki wazi kidogo, na kwa mlango huo alipita James Cook, mwana wa kibarua wa shamba, aliyejiandikisha baharia mwaka 1755 akiwa na umri wa miaka 26, akajifunza hisabati na upimaji wa pwani kwa juhudi yake, na akapewa uluteni mwaka 1768 tu, umri wake ukikaribia 40. Wenye kumtaja Cook kama hoja ya kwamba baharia aweza kufika kokote wangefanya vyema kuitaja na hiyo miaka 13.

Kwa nini swali limezuka zama hizi

Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli tatu za serikali, wanafunzi wake wakiwa 900 hivi, wote wavulana. Katika hali hiyo mtu aliyejua kusoma, kuandika na kuhesabu alikuwa adimu, na manowari za kwanza za kisasa, kama Al Bushra na wenzake walioundwa Uingereza mapema katika miaka ya 1970, zilipata amri kutoka kwa maafisa wa Kiingereza wa kuazimwa na wa mkataba. Waliorejea kutoka Afrika ya Mashariki baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika dola mwaka 1970, walithaminiwa kwa sababu hiyo hiyo: walikuja na masomo, na nchi ilikuwa haina watu wa masomo. Katika zama hizo kijana aliyeingia daraja ya chini akiwa na akili na herufi hakuhitaji kuuliza njia ya kupanda, kwa sababu njia ilikuwa ikimtafuta yeye.

Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa mwaka 1986, vikafuatia vyuo vya binafsi na vya ufundi, na mwaka 2013 Chuo cha Teknolojia ya Kijeshi hapo Maskati. Ndani ya umri wa mtu mmoja elimu imegeuka kutoka johari hata kuwa desturi. Uafisa haukuongezeka kwa kadiri hiyo, wala hauwezi. Manowari moja inataka maafisa wachache na mabaharia wengi, na hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu walioko sitahani wote wamesoma.

Manowari zenyewe nazo zimebadilika. Al Shamikh, Al Rahmani na Al Rasikh, zilizoundwa Portsmouth na kuwasili Oman kuanzia mwaka 2013, kila moja ina urefu wa karibu mita 100, na kazi ya baharia ndani yake si kuvuta kamba tu bali kusoma rada, kutunza mitambo inayotawaliwa kwa kompyuta na kufuatilia vyombo vinavyopita Hormuz kwa mamia. Rakibu wa mitambo katika merikebu kama hiyo ana maarifa ambayo mulazimu (luteni) mpya hana, na wote wawili wanalijua hilo. Zamani afisa alitengana na baharia kwa elimu, na kila mmoja aliiona tofauti hiyo bila ya kuonyeshwa. Leo elimu imekaribiana, na kilichobaki kuwatenga ni madaraka, mshahara, pensheni na meza ya kulia chakula. Mwanadamu hustahamili kutengwa na kile asichokiweza, lakini kutengwa na kile anachojiona anakiweza humchoma. Na tusijifanye hatujui kwamba posa nayo imo katika hesabu hii: neno afisa linapotajwa mbele ya baba wa binti, huwa na uzito ambao neno rakibu halina.

Hoja ya wanaotanguliza shahada

Wanaosema kwamba baharia aliyehitimu avishwe uafisa wana hoja nzito mbili. Ya kwanza ni ya maslahi. Dola imekwisha kumlisha, kumvisha na kumfunza kazi; mwenendo wake umeandikwa miaka mingi; imejulikana kama huogopa dhoruba, kama hulewa mawimbi, kama husema kweli. Mgeni aliyetoka chuoni ni kitabu kisichofunguliwa. Kumwacha mtu unayemjua ukamchukua usiyemjua, ilhali wote wana shahada moja, ni biashara isiyo na akili. Ya pili ni ya matumaini: jeshi ambalo baharia wake anajua kuwa juhudi yake haitamfikisha popote litawapoteza wale wenye juhudi, watakaokwenda kutafuta kazi bandarini Sohar na Duqm au katika makampuni ya mafuta, likabaki na wale wasio na pa kwenda.

Udhaifu wa hoja hii hauko mahali ambapo wapinzani wake huutafuta. Wao husema kwamba shahada nyingi za jioni ni za uongozi wa biashara na mfano wake, zisizohusiana na bahari. Na hilo ni kweli, lakini ni kweli pia kwa baadhi ya wanaoingia kutoka nje. Udhaifu wa hakika ni mwengine. Watazame mabaharia wawili walioandikwa siku moja. Mmoja amepangiwa ofisi ya ghala katika kambi ya Wudam. Hutoka kazini alasiri, huendesha gari hata chuoni, hukaa darasani, na mtihani ukifika hubadilishana zamu na mwenziwe. Wa pili yuko katika doria ya Musandam. Hulala kwa vipande, saa nne za zamu na saa chache za mapumziko, mara usiku mara mchana. Simu yake hushika mawasiliano merikebu ikikaribia nchi tu. Na ratiba ya muhula haijui kwamba merikebu imechelewa kurudi kwa sababu ya chombo kilichoharibika mlangoni mwa Hormuz. Baada ya miaka sita wa kwanza ana shahada, na wa pili ana bahari. Kanuni ikisema kwamba shahada ndiyo ipandishayo, basi kanuni hiyo, bila ya mtu yeyote kukusudia, imemlipa aliyebaki pwani na kumtoza aliyekwenda kufanya kazi ambayo jeshi la bahari limeundwa kwa ajili yake. Na mabaharia si wajinga. Wakishaifahamu kanuni, wenye akili miongoni mwao ndio watakaokuwa wa kwanza kuomba ghala.

Hoja ya wanaotanguliza utumishi

Upande wa pili husema: achana na shahada, mtazame mtu. Aliyeishi sitahani anajua baharia anapoficha ugonjwa, anapochoka, anapodanganya kwamba amekagua pampu ya maji ya ngama ilhali hakushuka. Amri yake haina upungufu wala kiburi cha mtu asiyejua gharama ya anachoamrisha.

Historia ya Afrika ya Mashariki inatupa mfano wa njia hii, na si mfano wa kufurahisha. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliifufua katika King's African Rifles daraja ya efendi, jina la Kituruki lililokusudiwa kumpandisha askari wa siku nyingi juu ya sajenti bila ya kumfikisha mahali pa afisa kamili. Walioteuliwa walikuwa hodari wa gwaride, watiifu, waliotumika sana, na wengi wao wenye masomo haba. Uhuru ulipokaribia na maafisa Waafrika wakahitajika kwa haraka, ilibidi baadhi ya hao wavishwe uluteni: Idi Amin, aliyeandikwa mwaka 1946, akawa efendi mwaka 1959 na luteni mwaka 1961. Itakuwa dhulma kuuhukumu mlango mzima kwa mtu mmoja aliyepita ndani yake. Kosa halikuwa kumpandisha askari wa kawaida bali kumpandisha mtu bila ya kumsomesha katika miaka yote ambayo wakati ulikuwapo. Na kinyume chake kililipuka Januari 1964, askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya walipoasi ndani ya juma moja, ambapo miongoni mwa manung'uniko yao yalikuwamo haya ya waliotumika miaka mingi wakiona vijana waliosoma wakipitishwa juu ya vichwa vyao. Kwa upande wa bahari hapakuwa hata na cha kunung'unikia: katika Royal East African Navy, iliyovunjwa mwaka 1962, mabaharia walikuwa Waafrika na amri ilikuwa ya Wazungu, na Kenya ilipounda jeshi lake la wanamaji Disemba 1964 ilianza na amri ya kuazimwa.

Fauka ya hayo iko taksiri ya umri. Waingereza walianzisha mwaka 1912, Winston Churchill akiwa waziri wa manowari, mpango wa kuwapandisha mabaharia hodari kuwa maafisa. Mpango ulikuwa wa insafu, lakini waliopita humo walivishwa cheo wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, wakajikuta wakishindana na wenzao waliokuwa vijana kwao kwa miaka mingi, na vyeo vya juu vikawapita kwa sababu ya kalenda tu. Ilibidi katika miaka ya 1930 uwekwe mpango mwengine wa kuwachagua mapema, wakiwa bado wabichi. Funzo lake ni la hesabu: saa ya tajiriba huenda polepole, saa ya umri haimngojei mtu, na anayengoja mpaka tajiriba iwe kamili atakuta umri umekwisha kufunga mlango.

Wanaotaka milango isichanganywe

Rai ya tatu haisikiki sana masablani, na nadhani ni kwa sababu haimfurahishi mtu. Inasema kwamba baharia hodari asipandishwe kuwa afisa kabisa, kwa maslahi ya merikebu. Rakibu wa kwanza na wakili ndio uti wa mgongo. Ndio wanaomfunza mulazimu mpya kazi bila ya kumvunjia heshima mbele ya watu, na kila unapomwondoa mmoja wao ukampa uafisa umepata afisa mdogo wa kawaida na umepoteza mkongwe asiye na badala. Serehangi mzuri hakuwa nahodha aliyeshindwa.

Rai hii ina ukweli ambao hizo mbili za kwanza zinaukwepa, nao ni kwamba kupanda kwa mtu mmoja kuna gharama inayolipwa na wengine. Lakini inasimama juu ya sharti ambalo wasemaji wake hawalitaji: cheo cha wakili kiwe na mshahara, heshima na elimu ya kumtosheleza mwenye akili. Pasipo na hayo, kumwambia mtu abaki chini kwa kuwa yeye ni muhimu sana huko chini ni maneno matamu ya mwenye kukaa juu.

Kuchagua kwanza, kusomesha baadaye

Wamarekani wameijaribu njia ambayo inageuza mpangilio. Chuo chao cha Annapolis, kilichofunguliwa mwaka 1845, kina nafasi hadi 170 kila mwaka ambazo waziri wa bahari anaweza kuwapa wanajeshi wa daraja za chini. Zaidi ya hapo uko mpango ambao baharia aliyekwisha kutumika huchaguliwa na baraza, akapelekwa chuo kikuu cha kiraia kwa muda usiozidi miezi 36, mshahara wake ukiendelea, akiongezewa hadi dola 10,000 kwa mwaka za ada na vitabu. Akihitimu huvishwa uafisa, na hapo hufungwa na deni la utumishi wa miaka mitano kwa uchache. Si njia ya kupoza roho tu. Jeremy Boorda, aliyejiandikisha baharia mwaka 1956 kabla ya kutimiza umri, aliingia uafisa kupitia mpango wa namna hiyo wa zama zake, na mwaka 1994 akawa mtu wa kwanza kutoka daraja za chini kufika ukuu wa jeshi lote la bahari la Marekani.

Tanzania ina namna yake. Huko kijana mwenye shahada anayetaka jeshi aghalabu hupita kwanza katika Jeshi la Kujenga Taifa na ukuruta kama wengine wote, na ndipo baadhi yao huchaguliwa kwenda chuo cha maafisa cha Monduli. Wasomi hawakuipokea fikra hiyo kwa moyo mweupe: tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga kulazimishwa utumishi wa taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Hata hivyo fikra yenyewe, ya kwamba msomi aonje unga wa kambi kabla ya kuamrisha, ilisalia. Na tukiitazama vyema ni Pepys yule yule, amevaa kaki.

Uzito wa kila upande

Nikiziweka rai hizi katika mizani naona kwamba mgogoro wa shahada na utumishi ni mgogoro wa uongo, na kwamba swali lenye maana ni lipi litangulie: shahada au uteuzi. Shahada ikitangulia, kila baharia hujisomea anachoweza, anapoweza, kwa fedha yake, kisha huja kudai; jeshi hulazimika kukataa wengi, na kila aliyekataliwa huona amedhulumiwa kitu chake. Uteuzi ukitangulia, mtu hupimwa akiwa na miaka mitatu au minne ya utumishi, bahari ikiwa imemwonyesha na umri ukiwa haujamtupa. Huambiwa asome nini, mathalan uhandisi wa mitambo, upimaji wa bahari au elimu ya hali ya hewa. Na asiyechaguliwa hujua mapema, kabla ya kutumia miaka yake na akiba yake. Gharama yake ni kubwa, sikatai. Dola humlipa mtu mshahara naye hayuko kazini, na baraza la uteuzi linaweza kupenyewa na ujamaa na upendeleo, katika nchi ambayo kila mtu ni mtoto wa fulani. Dawa ya hilo la pili ni kuhesabu siku za baharini katika alama za uteuzi, kwa sababu siku ya baharini imeandikwa katika daftari la merikebu, nalo halijui ukoo wa mtu.

Aliyekwisha kujisomea bila ya kuteuliwa naye asifungiwe, bali aingie katika mizani ile ile na wengine, shahada yake ikiwa ni alama mojawapo. Atakayoipata kwa yakini ni faida ambayo mazungumzo ya watu huidharau, yaani kupanda upesi ndani ya daraja zake hadi wakili, mahali ambapo manowari za leo zinamhitaji msomi kuliko zinavyomhitaji ofisini.

Imebaki nukta moja ndogo, ambayo majeshi ya bahari yenye uzoefu huitunza na kanuni nyingi huisahau. Baharia aliyevishwa uafisa asirudishwe katika merikebu aliyotoka. Jana alikula nao sinia moja, alijua nani ana deni na nani analala zamuni, nao walijua yake. Leo atapita mbele yao kwenda kwenye meza ya maafisa, na kila amri atakayoitoa itapimwa kwa kumbukumbu ya usiku fulani huko Khasab. Apelekwe merikebu nyengine, kwa watu wasiomjua, wamkute amekwisha kuwa mulazimu.